Kimya Si Kura

Takoma Park, Maryland
12 Februari 2025

Sabri, mwana wa mama,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye jua lako, uzipokee kwa mikono miwili maana zimesafiri na baridi. Sisi hapa wazima. Maryam wangu amefaulu mitihani ya chuo. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na chakula kinaliwa. Mama huko Mombasa goti limetulia, alhamdulillahi, ila kila akipiga simu swali ni moja: Sabri amekosewa nini hata akatoka kwenye grupu la familia? Nimemwambia mtandao wa Florida ni mbovu. Usiniumbue.

Umesema simu hupokei, unataka barua, kwa sababu kwenye simu sikuachi umalize sentensi. Haya. Hapa utamaliza hata hotuba.

Sasa nisikilize. Umoja wetu wa Maziko umekwisha, na walioumaliza ni sisi wenyewe, kwa pilau yangu.

Unaujua Umoja. Tangu wazee wa Mwambao walipofika huku, wakanunua kile kipande cha makaburi ng'ambo ya Greenbelt, maiti wetu tunawaosha wenyewe, tunawakafini, tunawazika pamoja. Karatasi hatuna, watu tunao. Basi kuna Mhandisi Nabil wa Herndon, Virginia, mwenyekiti wa lile Shirikisho kubwa la vyama vya maziko, mtu wa komputa, mpole, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Akaomba kuja "kushauriana". Mimi nikajitolea chakula. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Alikula, Sabri. Akasifu mbele ya watu. Akaomba ukoko! Kisha akawasha slaidi zake na kusema vyama vidogo ni mambo ya kizamani, sisi tumeshakua, sasa viwanja vyote vya makaburi vitiwe kapu moja, na mtu akifa komputa imtafutie kaburi lililo wazi, Maryland au Virginia, popote. Ndipo akauliza, kwa adabu zake: "Kuna anayepinga?"

Ni nani mwenye uso wa kumwinulia mkono mgeni, na kachumbari bado iko mdomoni? Watu walitazama sahani. Mimi nilitazama sahani. Akasema, "Alhamdulillahi, tumekubaliana," akaandika. Na mimi, mpumbavu wa mwisho, nikamfungia ukoko aende nao.

Nina hasira ya kupasua sahani. Niambie la kufanya.

Dadako,
Mwatime

Tena: Mamake Tasnim anakusalimu. Sijasema neno.


Hollywood, Florida
19 Machi 2025

Dada Mwatime, shikamoo.

Ramadhani njema, japo barua hii ikifika mtakuwa mnaulizana habari za mwezi wa Idi. Mimi mzima, kazi tele. Huku kiyoyozi kikizima mtu analia kwenye simu. Mwambie Mama mtandao unatengenezwa.

Kwanza nilicheka. Nisamehe, nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikacheka tena na Bi Lottie. Huyu ni mteja wangu, sasa rafiki, mama wa miaka sabini na kitu, Mseminole. Hawa ndio wenyeji wa Florida tangu hakuna Florida. Ukoo wake ni wa Ndege, na ukoo kwao unafuata mama, kwa hiyo kila nikimtajia baba yetu ananiuliza, "Ndiyo, lakini wewe ni wa nani?" Nilikuwa namfungulia kiyoyozi huku namsimulia ukoko. Alipomaliza kufuta machozi akaniambia, "Hilo la kuambiwa mmeshakua, sisi tuliambiwa na Washington."

Akanieleza. Mwaka 1953 Bunge hapo kwenu lilisema wenyeji wameshakua, hawahitaji tena mkono wa serikali, ahadi zote zikunjwe. Waseminole walikuwamo kwenye makabila ya kukunjwa. Ukisikia ni heshima, kumbe ardhi inaondoka. Na wao wakati huo walikuwa na koo, wazee na mikutano yao, lakini serikali ya karatasi hawakuwa nayo. Ndiyo hali yenu hiyo.

Wakachagua watu, wakaenda Washington na nguo zao za viraka vya rangi. Unajua waliomba nini? Muda! Walisema hatuko tayari, tupeni miaka ishirini na mitano mingine. Hawakumfukuza mtu wala kuvunja sahani. Dada, kuomba muda hakuna anayekushinda. Shemeji Shee alikuposa akakaribia kupata mvi kabla hujamjibu.

Na jambo moja hukuliandika, basi nitaliandika mimi, Mungu amrehemu. Shemeji amelala pale Greenbelt, na kando yake umejiwekea pako. Ukisema Umoja, mimi nasikia pale. Si aibu kupataka.

Nduguyo,
Sabri

Tena: Naomba achari ya ndimu. Ya dukani huku ni maji na chumvi.


Takoma Park
7 Aprili 2025

Sabri ndugu yangu,

Idi imepita salama, tulikuwa wengi, viatu mlangoni mpaka kwenye theluji iliyobaki. Nakutania, theluji imekwisha, ila viatu ni kweli. Jirani yangu Marie-Thérèse, yule wa Bukavu, alikuja na sambusa zake mwenyewe ili aone kama zetu ni nzuri kweli. Alikula zetu. Achari nimeituma kwa mzigo mwingine. Ikivuja usinilaumu mimi, laumu wenye kutupa mizigo.

Ile habari ya kando ya Shee sitaijibu.

Ndiyo, napataka. Nimelala kando ya yule mtu miaka yote akikoroma, leo komputa inipeleke Virginia nilale na nani? Nimeshaandika, usirudie kuitaja.

Nimemwandikia Nabil nikamwomba muda. Sikuweza kumwomba miaka ishirini na mitano, nimeomba mpaka mwisho wa Agosti. Amekubali mara moja, maskini, si mtu mbaya. Ila anasema Umoja ukitaka kubaki wenyewe lazima uwe na katiba, uongozi uliochaguliwa, na wanachama wapige kura. Vinginevyo ile ndiyo yetu ya pilau inabaki ndiyo.

Na watu wetu unawajua. Nikisema katiba, wananitazama hivi. "Katiba ya nini, Mwatime? Si tunajuana?" Bwana mmoja kaniuliza kama nataka kugombea urais. Hao Waseminole wako walifanyaje? Mwulize Bi Lottie, na umpe salamu zangu.

Mwatime

Tena: Barua nzima hukumtaja Tasnim. Nimekuelewa. Nimemwambia mamake kwamba mwenye kunyamaza amekubali, naye amefurahi sana. Wanauliza tarehe.


Hollywood, Florida
30 Mei 2025

Dada Mwatime, shikamoo.

Nimechelewa. Niliandika barua nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii nadhani itafika. Achari ilifika nzima, Bi Lottie ameonja akaomba maji, kisha akaomba tena achari.

Katiba yao, anasema, haikuandikwa na mtu mmoja chumbani. Walizunguka kwenye makazi, wakawauliza watu, wakabishana sana. Yeye alikuwa mtoto, anakumbuka joto na watu wazima wasioisha maneno. Agosti ya mwaka 1957 wakapiga kura. Karibu wote walisema ndiyo. Watano walisema hapana, na waliendelea kuwa watu. Wakapata baraza la kuendesha mambo yao, na pembeni bodi ya biashara, ili mwenye kutawala asiwe ndiye mwenye kuuza. Leo wana hoteli yenye umbo la gitaa. Nakuapia, gitaa zima, ghorofa juu ya ghorofa.

Kisha miaka kumi baada ya katiba wakamchagua mwanamke kuwa mwenyekiti. Nakupa habari tu.

Lakini nililotaka kukuambia hasa ni hili. Wapo wenzao waliokuwa wakiishi kando ya barabara ya Tamiami ambao hawakuitaka katiba ile kabisa. Miaka michache baadaye wakatengeneza serikali yao wenyewe, ndio Wamiccosukee. Bi Lottie ana binamu zake huko. Wanaendeana harusini na msibani, wanagombana, wanapikiana. Mtu alijitenga na bado ni ndugu.

Nikamwuliza, kwenu mtu akinyamaza mkutanoni ina maana gani? Akasema wengine hajui, lakini mama yake akinyamaza ilikuwa na maana moja: bado nafikiri, usinisukume.

Dada, mimi si mwari! Mwari ndiye anayeulizwa mbele ya kadhi akanyamaza wakasema amekubali. Mimi nina ndevu. Uliandika kwenye grupu, mbele ya Mama na mashangazi wote na binamu wa Muscat ambaye simjui, kwamba Sabri na Tasnim ni jambo la kheri, "kuna mwenye neno?" Nani angesema neno na wewe ndiye uliyetulea baada ya Baba? Watu waliweka maua na mikono ya dua. Nikafungua simu, nikajikuta nimeposa. Ndiyo maana nilitoka.

Nabil alifanya nini ambacho wewe hukufanya? Yeye angalau alikuwa na slaidi.

Nimemaliza sentensi zangu zote.

Sabri


Takoma Park
21 Juni 2025

Sabri,

Barua yako imefika. Sisi wazima. Joto limeanza. Nyanya za Marie-Thérèse zimezaa, zangu zimekataa. Sina la kusema.

Mwatime


Takoma Park
25 Agosti 2025

Sabri mdogo wangu, mwana wa mama,

Keti kwanza. Umeketi? Salamu kwa wote, Mama mzima, goti zima, Maryam mzima, nyanya zangu zilizaa mwishowe, moja, na ndege akala.

Tumeshinda!

Sasa nikupe kwa mpangilio. Tulizunguka kama hao wenzako. Mimi na Maryam tulikwenda nyumba kwa nyumba, na sikukubali kula kwa mtu kabla hajanipa maoni yake. Watu walidhani naumwa. Kumbe wana maneno! Yule bwana aliyeniuliza kuhusu urais alitoa vipengele ambavyo hata Bunge hawana. Maryam akachapa, akasoma, akarekebisha, na kila kifungu nikikitaka kirefu anakifanya kifupi.

Ukumbi tuliupata kwenye kanisa la kina Marie-Thérèse, chini, karibu na steshini. Jumamosi watu walijaa. Tukasema msimamizi wa kura awe yeye, kwa sababu si mwanachama, hazikwi na sisi, na hamwogopi mtu. Hatukuwa na sanduku. Nikatoa sufuria yangu kubwa, ile ya pilau. Umeelewa? Kura zikiwa ndani ya sufuria, pilau haipikiki. Mpaka tuhesabu, hakuna anayekula.

Marie-Thérèse akasimama na kofia yake ya kanisani: "Pas de pilau, pas de bavardage, hakuna pilau, hakuna porojo! Kila mutu aandike yake, akunje, atie mu sufuria. Mwenye nitaona anachungulia ya mwenzake, namutoa inje." Wazee wetu wa Lamu walikunja karatasi mpaka zikawa ndogo za kufungia ubani.

Nabil alikuwepo, nilimwalika mwenyewe. Ziliposomwa, ndiyo, ndiyo, ndiyo, nilimwona anashangaa kweli. Hapana zilikuwepo chache, na hao nao ni watu. Akanijia: "Mama Maryam, kumbe mlikuwa hamtaki? Mbona siku ile hamkusema?" Nikamwambia, "Baba, ulituuliza tukiwa tunakula." Akafikiri. Akavua saa yake, akaenda jikoni akamenya vitunguu saumu mpaka pilau ilipoiva. Kiwanja kinabaki chetu, yeye mwenyewe kashatuandikia. Nikifa naijua njia ya nyumbani.

Mimi ndiye mwenyekiti. Usicheke.

Lakini kuna lililotokea katikati, na ndilo lililonikalisha leo niandike. Kifungu cha saba ni changu, nilikitunga mwenyewe, nikasimama nikakisoma kwa sauti ya ushindi: "Kimya si kura. Asiyesema hajakubali, aulizwe tena." Watu wakapiga makofi. Na binti yangu, ambaye sijamsikia Kiswahili kinywani tangu alipoota meno, kaniinamia akasema polepole, "Mama, na mjomba Sabri je?"

Nilikaa, Sabri. Makofi yanaendelea na mimi nimekaa. Nimekasirika na barua yako miezi miwili, na hasira yote ilikuwa kwa sababu umesema kweli. Nilikulea nikazoea kukujibia. Uliulizwa jina dukani, nikajibu mimi. Nisamehe.

Jana nilikwenda Herndon kwa mamake Tasnim kurudisha maneno. Nimeketi natafuta pa kuanzia, Tasnim mwenyewe akaingia na chai, nikamwuliza, mwanangu, wewe ulikubali? Akasema, "Shangazi, hata mimi sikuulizwa. Nilikuwa nasubiri Sabri akatae." Ana mtu wake, daktari wa meno! Mamake alikuwa hajui. Nikaondoka kabla chai haijapoa.

Basi nakuletea karatasi tatu humu ndani. Ni zilizobaki za kura. Kila moja ina ndiyo na hapana, piga alama.

Ya kwanza: je, unamtaka Tasnim? Najua jibu. Nataka tu uulizwe, sawasawa, na mtu anayengoja.

Ya pili: je, utarudi kwenye grupu?

Ya tatu. Pale makaburini sasa tunajipangia wenyewe. Kulia ni Shee. Katikati mimi. Kushoto kwangu imebaki nafasi moja, na mwenyekiti ana haki ya kumwekea ndugu. Wewe unaweza kuoa huko, kuzeeka huko, kuzikwa huko chini ya gitaa, ni haki yako, na bado u ndugu yangu. Ila ningependa nijue. Je, nikuwekee?

Nitangoja. Sisukumi.

Dadako,
Mwatime


Hollywood, Florida
14 Septemba 2025

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Nilisoma barua yako kwenye gari, nje ya nyumba ya mteja, akatoka kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, dada yangu ameomba msamaha. Hakuelewa ukubwa wa jambo.

Bi Lottie anakupongeza. Nilipomweleza habari ya sufuria alicheka, kisha akasema Washington ile ya mwaka 1953 ingepata sufuria, watu wake wasingesafiri. Anakuletea aproni ya viraka aliyoishona mwenyewe, rangi zote. Anasema mwenyekiti aivae siku ya kura, si siku ya pilau. Mpe Maryam hongera zangu, na mwambie mjomba amesikia.

Kura zako nimezipata zote tatu, na hizi zinarudi.

Ya kwanza nimepiga hapana, na nimeipiga kwa kalamu nzito. Mwambie Tasnim ahsante na meno mema.

Ya pili nimepiga hapana. Usinune, soma mpaka mwisho. Nitabaki nje ya grupu, kando ya barabara yangu. Lakini Novemba nina likizo, nakuja Takoma Park kwa miguu yangu, nitakaa wiki, na nitakula ukoko kama ule uliompa Nabil. Na Mama nimempigia mwenyewe. Tumeongea mpaka simu ikazimika. Nimemwambia mtandao umepona.

Ya tatu nimekaa nayo siku nyingi. Niliiweka kwenye dashibodi, ikapigwa jua mpaka ikajikunja. Mimi si mtu wa kuandika mambo kama hayo, Dada, unajua. Kalamu nilishika nikaiweka, nikashika nikaiweka. Nakurudishia tupu, haina alama mahali popote.

Najua kifungu cha saba. Kimya si kura, na nakiunga mkono kwa watu wote duniani. Lakini hiki kimoja, Dada yangu, nakupa ruhusa ukijibie.

Nduguyo wa kushoto,
Sabri